Dedan Kimathi: Serikali ilihesabu maiti, yeye akaandika majina

Ukipita Kimathi Street jijini Nairobi utaikuta sanamu yake: dredi, nguo za kijeshi, bunduki mkononi. Watu hupanga kukutana hapo, wanapiga selfie, wanaendelea na shughuli zao. Ukiwauliza huyu jamaa alifanya nini, wengi watakwambia alikuwa Mau Mau na akanyongwa. Stori inaishia hapo.

Leo nataka tuifuate stori yake kwa njia moja ambayo shuleni hatukuonyeshwa, yaani kupitia hesabu. Vita alivyopigana Kimathi vilikuwa na takwimu kila upande. Kila wiki serikali ya wakoloni ilitoa idadi ya magaidi waliouawa, na idadi hiyo ndiyo iliyotumiwa kuonyesha kama vita vinaenda vizuri au vibaya. Kimathi naye, kule msituni, alikuwa na madaftari yake. Mimi chuo niliachia katikati, lakini hesabu ya shule ya msingi inatosha kabisa kwa hii kazi.

Tuanze na kijana mwenyewe. Kimathi wa Waciuri alizaliwa Oktoba 31, 1920, kijiji cha Thenge, Tetu, kaunti ambayo leo tunaiita Nyeri. Baba yake alifariki kabla hajazaliwa, kwa hivyo alilelewa na mama yake, Waibuthi, katika boma la wake watatu. Alisoma shule ya msingi ya Karuna-ini, kisha akaenda Tumutumu, shule ya misheni ya Waskoti. Alikuwa mkali kwa Kiingereza na alipenda kuandika, ila karo ilikuwa shida ya kila muhula. Masomo hakuyamaliza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alijiunga na jeshi la Mwingereza, lakini hakudumu. Baada ya hapo akawa mtu wa kuhangaika, leo kazi hii, kesho ile. Alifanya vibarua, akarudi nyumbani akafundisha, kazi ya ualimu nayo ikaisha. Ukimtazama kwa macho ya siku hizi, ni yule kijana mwenye akili ambaye mtaa mzima unajiuliza mbona hajatulia.

Alitulia siasa zilipomfikia. Alikuwa anaishi pande za Ol Kalou na Thomson's Falls, ndiyo Nyahururu ya leo, katikati ya mashamba makubwa ya walowezi. Pale aliona kwa macho yake ardhi ikiwa ya mtu mmoja, na waliozaliwa juu yake wakiwa vibarua. Akaingia chama cha KAU, akawa katibu wa tawi. Ukatibu ulimfaa, maana kazi yake ni kalamu na karatasi. Pia akawa mmoja wa watu wa kulisha kiapo. Polisi wakaanza kumtafuta, wakamkamata, akawatoroka.

Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring akatangaza hali ya hatari. Jomo Kenyatta na viongozi wengine wakabebwa. Vijana wakapanda msitu wa Nyandarua na Mlima Kenya, na Kimathi akawa mmoja wao. Alikuwa amegonga miaka 32.

Mwaka 1953 ulikuwa mbaya. Usiku wa Machi 26, wapiganaji walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakabeba silaha na kufungua wafungwa. Usiku uo huo, kule Lari, kundi lingine lilichoma nyumba za watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali. Wengi waliokufa walikuwa wanawake na watoto. Kisha homugadi na polisi wakalipiza kisasi, na wengi wakauawa kabla na baada ya jua kuchomoza. Waliokufa katika shambulio la kwanza walitangazwa dunia nzima. Waliokufa katika kisasi walichukua miaka mingi kutajwa vizuri.

Hilo ndilo somo la kwanza kuhusu takwimu za vita. Kabla ya kuuliza ni wangapi, uliza nani alihesabu.

Juni 1953 akaja Jenerali George Erskine kuongoza jeshi. Alikuta vita ambavyo havina mstari wa mbele. Katika vita vya kawaida unasema tumesonga kilomita kadhaa, tumeteka mji fulani. Sasa Nyandarua utateka nini? Leo unapita bonde hili, kesho wenyewe wamerudi. Kwa sababu hiyo, kitu rahisi cha kuandika kwenye ripoti kilikuwa maiti. Maiti zikipanda, inasemekana vita vinaenda sawa.

Ukimpima askari kwa maiti, atakuletea maiti. Hiyo haihitaji digrii. Baadhi ya vikosi vikaanza kuweka mbao za matokeo, kama ligi ya mpira, kampuni ipi imeua wangapi. Katika kikosi cha tano cha KAR, ambayo wazee waliiita Keya, kulikuwa na kapteni aliyeitwa Gerald Griffiths. Mahakama ya kijeshi ilisikia kwamba aliwaahidi askari wake shilingi tano kwa kila aliyeuawa. Juni 1953, huko Chuka, askari wa kikosi hicho waliua takriban watu 20, wakiwemo homugadi wa serikali yenyewe. Griffiths alishtakiwa mara mbili. Mara ya kwanza akaachiliwa, mara ya pili, mwaka 1954, akafungwa miaka mitano. Desemba 1953 jeshi lilikuwa limeunda tume ya kuuliza kuhusu hizo mbao za matokeo na hizo pesa. Tume ikasema kwa jumla jeshi liko sawa.

Kuna jambo lingine ambalo si la kusoma ukila. Askari wa doria hawakutaka kubeba maiti kutoka msituni hadi kambini ili zitambuliwe kwa alama za vidole. Wengine wakawa wanakata mikono tu na kuibeba, hadi Erskine akapiga marufuku. Mtu mzima akawa alama kwenye ripoti.

Wakati huo Kimathi alikuwa anafanya nini? Alikuwa anapanga ofisi. Agosti 1953 aliita mkutano mkubwa mahali panapoitwa Mwathe, ndani ya msitu wa Nyandarua. Viongozi wa makundi mbalimbali walikuja. Hapo likaundwa Baraza la Ulinzi la Kenya, Kimathi akiwa kiongozi, na vikosi vikapewa majina: Ituma Ndemi wa Nyeri, Gikuyu Iregi wa Murang'a, Kenya Inoro wa Kiambu, na vingine. Mwalimu Karari Njama, aliyekuwa ameingia msituni mwaka huo, akawa katibu wake.

Kimathi alisisitiza kila kiongozi aweke daftari. Nani yuko kambini, ametoka wapi, nani amekufa na amefia wapi. Alikuwa akitembea na karatasi, akiandika barua kwa serikali na kwa machifu, akihifadhi nakala. Februari 1954 likaundwa Bunge la Kenya humo humo msituni, yeye akiwa Waziri Mkuu. Ukiwa na roho ngumu unaweza kucheka, waziri mkuu bila barabara, bila taa, bila ofisi. Lakini fikiria alichokuwa anataka. Alijua vita vitaisha, na siku hiyo kuna mama atakuja kuuliza mwanawe alienda wapi. Jibu lilipaswa kuwa kwenye daftari.

Tusimpake mafuta. Kimathi alikuwa mkali hadi kwa watu wake. Wapo wapiganaji waliouawa kwa amri yake, kwa kushukiwa usaliti au kuvunja sheria za kambi. Baadhi ya viongozi, hasa wale ambao hawakusoma, walichoshwa na mtindo wake wa makaratasi na vyeo. Stanley Mathenge, mpiganaji aliyeheshimika sana, akajitenga, na kundi lao likajiita Kenya Riigi. Kufikia 1955 pande hizo mbili zilikuwa zinawindana huku jeshi nalo likiwawinda wote. Na kwa takwimu za serikali, raia Waafrika waliouawa na Mau Mau walikuwa 1,819. Wale pia walikuwa na mama zao.

Erskine hakuwa mjinga. Aliona kwamba maiti zinaongezeka lakini msitu haukauki. Chakula, dawa, risasi na vijana wapya walikuwa wanatoka Nairobi na vijijini. Aprili 24, 1954, akafunga jiji zima kwa operesheni iliyoitwa Anvil. Wanaume wa Kikuyu, Kiembu na Kimeru walipangwa foleni, wakapitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia ambao walitikisa kichwa kusema huyu au huyu siye. Zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa kizuizini. Kisha vijijini, zaidi ya watu milioni moja wakahamishwa kwa lazima na kurundikwa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mitaro na waya.

Hapo ndipo vita vya msituni vilipovunjika mgongo. Katika hivyo vijiji na kambi za kizuizini watu walikufa kwa njaa, kwa magonjwa na kwa kipigo. Hakuna aliyewaandika kwenye ubao wa matokeo.

Kufikia 1956 waliobaki msituni walikuwa wachache, wamevaa ngozi, wanakula walichotega. Serikali nayo ilikuwa imebadilisha mbinu. Polisi Ian Henderson aliwatumia waliokuwa Mau Mau wenyewe, waliokamatwa au kujisalimisha, kurudi msituni kuwasaka wenzao. Ona hiyo. Baada ya miaka yote ya kusifia maiti, waligundua kwamba mtu aliye hai na anayezijua njia ana faida kuliko maiti kumi.

Kimathi alikuwa amewekewa zawadi ya pauni 500. Asubuhi ya Oktoba 21, 1956, miaka minne na siku moja tangu hali ya hatari kutangazwa, alitokea ukingoni mwa msitu upande wa Nyeri, amevaa koti na kofia ya ngozi ya chui. Askari wa polisi wa kikabila akampiga risasi mguuni, akakamatwa. Picha yake akiwa amelala chini, amefungwa pingu, ikachapishwa kwenye vipeperushi na kusambazwa, ili kila kijiji kione mambo yameisha.

Kesi ilisikizwa Nyeri mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor. Cha kushangaza, mtu aliyeitwa gaidi nambari moja hakushtakiwa kwa kuua mtu yeyote. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola na risasi, jambo ambalo chini ya sheria za hali ya hatari lilitosha kukunyonga. Novemba 27, 1956, akahukumiwa kifo. Rufaa zikatupwa. Alfajiri ya Februari 18, 1957, akanyongwa Kamiti, akazikwa humo humo gerezani. Alikuwa na miaka 36. Alikuwa mmoja kati ya watu 1,090 walionyongwa katika vita hivyo.

Sasa tuketi na hesabu yenyewe, maana serikali iliichapisha. Hadi mwisho wa 1956, takwimu rasmi zilisema Mau Mau 11,503 waliuawa. Upande wa pili, Wazungu wa vikosi vya usalama waliouawa walikuwa 63, na walowezi raia 32. Ukilinganisha, kwa kila Mzungu askari aliyekufa, walikufa zaidi ya watu 180 upande wa Mau Mau. Kama vita ni mpira, mechi hiyo iliisha kitambo.

Lakini endelea kusoma hilo jedwali. Mau Mau waliokamatwa wakiwa na majeraha walikuwa 1,035 tu. Katika vita vingi, majeruhi huwa wengi kuliko wafu, mara mbili au zaidi. Hapa ni kinyume: wafu 11 kwa kila majeruhi mmoja. Sawa, wapo waliojeruhiwa wakatoroka wakafia vichakani. Hata hivyo pengo hilo ni kubwa mno. Linaonyesha kwamba wengi hawakufa katika mapigano, au walijeruhiwa na mtu akaamua kumalizia. Hizo ni namba za serikali yenyewe. Zilitolewa kuonyesha ushindi, na ndani yake zimebeba ushahidi.

Cheki na hii. Makadirio mengi ya wapiganaji waliokuwa msituni idadi ilipokuwa juu kabisa ni kati ya 12,000 na 15,000. Ukijumlisha waliouawa, waliotekwa na waliojisalimisha kwa takwimu rasmi, unapita 16,000. Kwa hivyo ama vijana wapya walizidi kupanda msitu kila wenzao walipoanguka, na basi kuua hakukuwa kunapunguza vita. Ama baadhi ya waliohesabiwa hawakuwa wapiganaji kabisa. Ukweli pengine uko kwa yote mawili. Kwa vyovyote, idadi ile haikuwa inapima kile serikali ilidai inapima.

Na je, jumla ya waliokufa? Wanahistoria bado wanazozana. David Anderson alisema waliouawa wakipigana huenda walipita 20,000. Caroline Elkins, katika kitabu chake cha 2005, alitaja kati ya 130,000 na 300,000 ambao hawajulikani walikoenda. Mwaka 2007 mtaalamu wa idadi ya watu, John Blacker, alipekua takwimu za sensa na kufikia takriban 50,000, karibu nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 10. Watoto hao hawakushika bunduki, na hawamo ndani ya ile 11,503.

Kimathi alikuwa kaburini miaka miwili wakati kambi ya Hola ilipotikisa London. Machi 3, 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa na askari wa kambi kwa kukataa kufanya kazi. Serikali ikadai kwanza kwamba walikunywa maji mabaya. Daktari akapata majeraha, uongo ukafichuka, na bunge la Uingereza likawaka moto. Elfu kumi na moja na zaidi hawakuishtua London, maana walikuwa namba kwenye ripoti ya maendeleo ya vita. Kumi na mmoja waliishtua kwa sababu walichunguzwa mmoja mmoja, jina kwa jina. Mwaka uliofuata hali ya hatari ikaondolewa na mazungumzo ya katiba yakaanza Lancaster House. Desemba 12, 1963, bendera ikabadilishwa.

Kwa hivyo nani alishinda? Kijeshi, Mau Mau walipigwa, tusidanganyane. Ila vita havikuwa vya msitu, vilikuwa vya ardhi na uhuru. Uhuru ulikuja miaka saba baada ya Kimathi kukamatwa. Ardhi, muulize mzee yeyote Nyandarua au Laikipia, atakupa jibu refu. Wengi waliopigana walirudi wakakuta mashamba yao yamegawanywa kwa waliobaki nyumbani. Ubao wa matokeo haukuwa na safu ya kuandika hayo.

Na madaftari ya Kimathi? Mengi yalipotea au kunaswa na jeshi. Baadhi ya karatasi zake zilichapishwa kama kitabu mwaka 1987. Chama cha Mau Mau kiliendelea kuwa haramu kisheria hadi 2003, miaka 40 ya uhuru. Sanamu ilizinduliwa Februari 18, 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa, pauni milioni 19.9. Hao walilipwa kwa sababu kila mmoja alikuja na jina lake na stori yake, mawakili wakaandika.

Kaburi la Kimathi halijaonyeshwa hadi leo. Mwaka 2019 kulitangazwa kwamba limepatikana Kamiti, serikali ikakana. Mjane wake, Mukami, aliomba mifupa ya mumewe serikali baada ya serikali, hadi akafariki Mei 2023 bila kuipata.

Sisi wa kizazi hiki tunaijua hii biashara ya idadi. Mwaka 2024, baada ya maandamano, polisi walikuwa na hesabu yao na watetezi wa haki walikuwa na yao, huku vijana mitandaoni wakiandika majina, umri na mtaa wa kila aliyeanguka. Sijui kama waliokuwa wakiandika walimfikiria Kimathi. Lakini walikuwa wanafanya kazi aliyowaagiza makatibu wake msituni mwaka 1953. Siku nyingine mkubwa fulani akisimama na karatasi kukwambia vita vinaenda vizuri kwa sababu wameuawa wengi, mwombe orodha ya majina.